Kipini cha pua: shajara ya miezi sita, Mtwara

Naandika haya kwa ajili ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayekaa Masasi. Ameapa kwamba likizo ya Desemba anakuja mjini kutoga pua kama mimi. Nikasema sawa, ila usome kwanza yaliyonikuta. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Magomeni ya hapa Mtwara, si mtu wa dawa. Nilichoandika ni nilichokifanya, nilichokiharibu na pesa iliyotoka. Pua ni ya kushoto, tundu moja, upande wa bawa la pua.

25 Mei 2024. Kutoga

Saluni ya kwanza niliyoingia dada akatoa bunduki ya kutogea masikio. Nikamuuliza anaisafishaje, akanionyesha chupa ya spiriti. Nikashukuru nikaondoka. Bunduki ile ina sehemu za plastiki ambazo haziwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke inayoua vijidudu, na haitoboi kwa makali, inasukuma kipini butu kipite kwa nguvu. Kwenye ndewe la sikio, palipo na nyama laini, watu wanavumilia. Bawa la pua ni gumu zaidi.

Nikamfuata kaka mmoja anayetoga kwa sindano ya kanula, ile ya kuwekea dripu, mpya, aliifungua mbele ya macho yangu. Glavu alivaa. Alama ya kalamu aliiweka, akanipa kioo nikakubali mahali. Chozi moja la jicho la kushoto, chafya mbili, basi. Sh 15,000 pamoja na kipini.

Hapo kwenye "pamoja na kipini" ndipo shida ilipojificha, lakini sikuiona hadi Julai. Alisema ni chuma cha pua. Nilicheka, nikamwambia basi kimefika kwao.

28 Mei. Siku ya tatu

Pua imevimba kidogo, ukiigusa inauma kama kijipu kinachoanza. Asubuhi kuna kigaga cha rangi ya maziwa kuzunguka kipini. Niliogopa kuwa ni usaha. Siyo. Ni majimaji ya kawaida ya kidonda kinachopona. Yakikauka yanakuwa kigaga. Usaha ni mzito, wa njano iliyokolea au kijani, na mara nyingi unanuka.

Kosa la kwanza: nilikuwa nazungusha kipini asubuhi na jioni, "kisigande". Mama alinizungushia hereni hivyo nilipokuwa mdogo, na kila mtu hapa anajua hivyo. Kumbe ukikizungusha, vile vigaga vikavu vinaingia ndani ya tundu na kukwaruza ngozi changa iliyoanza kujijenga. Nimeacha. Hakijaganda.

8 Juni. Habari ya chumvi

Wiki mbili. Hapa nataka kukaa kidogo, maana nilikosea mara mbili kwenye kitu ninachokipika kila siku.

Mara ya kwanza nilichanganya kijiko cha chai kizima cha chumvi kwenye glasi ya maji. Nilijua chumvi inasafisha, basi nyingi itasafisha zaidi. Ngozi ikakauka, ikapasuka, ikawa inawaka. Maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, yana gramu 9 za chumvi kwa lita moja tu. Mimi nilikuwa nimepita zaidi ya mara mbili ya hapo.

Mara ya pili nilimsikiliza jirani: nenda Shangani ukaoshe baharini, bahari ni dawa. Namheshimu, lakini bahari ina gramu kama 35 kwa lita, karibu mara nne ya maji ya dripu. Na hapo sijataja kinachoshuka kutoka mjini mvua ikinyesha. Nilienda siku moja, nikachutama, nikajirushia maji usoni kama kuku anayeoga vumbi. Usiku pua iligonga mpaka saa nane.

Ninachofanya sasa:

Nilinunua dripu ya maji ya chumvi ya mililita 500 duka la dawa, Sh 2,000. Ubaya wake, ukishaifungua haikai salama, na mimi natumia vijiko viwili kwa siku. Ile ikaisha kwa kumwagwa. Kwa hiyo nyumbani nachemsha maji, nayapima kikombe kimoja cha robo lita, naweka robo ya kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha kupimia kabisa, siyo cha kukadiria. Yakipoa nalowesha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, naiweka juu ya tundu dakika tano mpaka vigaga vilainike, navifuta bila kuvikwangua. Yaliyobaki namwaga. Asubuhi na jioni, basi. Pakiti ya gozi Sh 3,000. Pamba usitumie, nyuzi zake zinajisokota kwenye kipini, na mimi wa cherehani najua uzi ulionasa unavyotesa.

Chumvi ya mawe ya kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya huku kwetu ni tamu kwenye samaki, ila ina mchanga. Nimeiacha jikoni.

Na mikono. Nanawa kwa sabuni kabla ya kugusa. Hili ndilo gumu kuliko yote kwangu, maana siku nzima nashika vitambaa vya watu, chaki, mafuta ya cherehani, na pua inawasha.

15 Juni. Udhu

Hili sikuliona limeandikwa popote, kwa hiyo naliandika. Udhu mara tano kwa siku, kila udhu napandisha maji puani mara tatu. Maji yetu ya kisima yana chumvichumvi na siwezi kusema ni safi. Nimetenga birika dogo la maji yaliyochemshwa na kupoa, la pua tu. Napandisha taratibu, sipengi kwa nguvu, nafuta kwa tishu ya karatasi, siyo kwa ncha ya kanga. Tangu nianze hivi kule ndani hakuna tena kidonda cha kukwaruzika.

29 Juni. Kinundu

Wiki ya tano. Pembeni ya kipini kimeota kinundu kama punje ya mtama, kinang'aa. Hakiumi sana. Nilikaa na kioo nusu saa, mteja wa gauni la harusi akisubiri.

Hofu yangu ilikuwa kovu la kuvimba, lile linaloendelea kukua na kupita mipaka ya kidonda chenyewe. Sisi wenye ngozi nyeusi tunalipata zaidi, na shangazi yangu analo kwenye sikio, kubwa kama zabibu. Lakini lile huja taratibu, mara nyingi baada ya miezi, na linasambaa nje ya jeraha. Kinundu cha wiki ya tano kilichokaa mlangoni mwa tundu kwa kawaida ni ngozi inayolalamika: kuna kitu kinaisumbua. Ukikiondoa hicho kitu, nacho kinashuka.

Ningejua hivi tarehe 29 ningeokoa pesa. Badala yake nikaanza kutibu kinundu.

6 Julai. Wiki ya dawa za kila mtu

Spiriti, Sh 1,500. Iliwaka, ngozi ikawa kama ganda la kitunguu, kinundu kikawa chekundu-zambarau. Spiriti haichagui, inaua vijidudu na inaua pia ngozi mpya. Hidrojeni peroksaidi, ile inayotoa povu, ni hivyo hivyo. Sikuinunua kwa sababu tu duka lilikuwa limefungwa.

Mafuta ya habasoda, Sh 6,000. Mazuri kwa nywele. Kwenye tundu yalikusanya vumbi la vitambaa, nikawa na duara jeusi kuzunguka kipini.

Krimu ya antibayotiki, Sh 4,000. Krimu nzito inaziba tundu, hewa haipiti na majimaji hayatoki.

Asprini iliyosagwa na kukandwa na maji, bure, ilikuwepo ndani. Nilisoma mahali. Ni tindikali, inakula ngozi. Iliniachia kidoa ambacho bado kipo.

Bibi alikuwa amekuja kutoka Newala wiki hiyo. Bibi yangu mzaa mama ni Mmakonde wa zamani, ana nembo usoni na tundu la ndonya, lile pambo la mti, kwenye mdomo wa juu, ingawa ndonya yenyewe hajaivaa tangu mimi sijazaliwa. Ndewe zake unaweza kupitisha kidole. Alinikuta nimeinamia kioo na chupa nne mezani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Nani anaumwa?"

Nikamwonyesha. Akasogea, akatazama, akasogea tena.

"Tundu lenyewe liko wapi?"

"Hilo hapo, bibi, chini ya kipini."

Alicheka mpaka akakaa chini. Yeye walimwekea kijiti, kikazoeleka, wakaweka kinene zaidi, na kinene zaidi, miaka. Nikamuuliza walikuwa wanapaka nini. Akasema mafuta ya nyonyo kidogo, na wakimwona anakigusa wanampiga mkono. Kisha akauliza swali ambalo lingenifaa kumsikiliza: "Hicho ulichovaa ni cha nini?" Nikamjibu ni chuma. Akasema wao walivaa mti.

13 Julai. Salfa

Tulienda shamba Tandahimba siku tatu kupuliza salfa kwenye mikorosho. Wa huku wanajua: ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukiingia kwenye maua, msimu umekwenda. Salfa ya unga inapulizwa alfajiri umande ukiwa bado majani hayajakauka, ishike. Mjomba anabeba mashine, sisi tunabeba mifuko na maji.

Sikufunga uso. Nilijiambia nitakaa upande unakotoka upepo. Upepo wa kusi haukusikia. Nilirudi na kope za njano, na kwenye tundu palikuwa na unga mkavu uliochanganyika na jasho. Maji ya kuoshea yalikuwa ya mtungi, hayajachemshwa. Usiku wa pili bawa zima la pua lilikuwa moto, linagonga pamoja na moyo.

Ushauri mwingi unasema angalia wekundu. Kwenye ngozi yangu wekundu hauonekani vizuri. Nilichokiona ni ngozi kuwa nyeusi zaidi kuliko kawaida na kukaza kama imevutwa. Kilichonisaidia ni mgongo wa mkono: weka bawa la kulia, weka la kushoto. La kushoto lilikuwa na joto la wazi. Kisha ukaja usaha, wa njano, mzito, una harufu.

16 Julai. Kituo cha afya

Kwanza nilitaka kukitoa kipini. Mikono ilikuwa tayari imekishika. Tabibu akanizuia: ukikitoa wakati kuna usaha, mlango unaweza kufunga na usaha ukabaki ndani, likawa jipu. Kiache kiwe njia ya kutokea. Akanipima joto, hapakuwa na homa. Akaniuliza kama nimechanjwa pepopunda. Nilichanjwa nikiwa na mimba ya mwanangu. Vidonge vya wiki moja, maji ya chumvi ya uvuguvugu, na hakuna kingine cha kupaka. Kuonana naye Sh 5,000, vidonge Sh 7,500.

Alisema pia kwamba ningekuwa na homa, au uvimbe ungepanda kuelekea jichoni, nisingekaa kusubiri kesho, ningeenda moja kwa moja Ligula hospitali. Uvimbe wa pua hauchezewi na haukamuliwi.

Nilimaliza vidonge vyote. Siku ya tatu maumivu yaliisha na nilitamani kuacha, mama akasimama juu yangu na glasi ya maji.

27 Julai. Kipini chenyewe

Usaha umekwisha, joto limekwisha, kinundu kipo pale pale. Ndipo swali la bibi likarudi.

Mwanzoni nilikijaribu kwa smaku yangu ya kuokotea pini za kushonea. Hakikunasa, nikaamini ni kitu kizuri. Sasa nimeelewa kwamba jaribio hilo halina maana kwa jambo hili. Chuma cha pua cha aina nyingi hakinasi smaku na bado kina nikeli ndani yake, na nikeli ndiyo inayowasha ngozi za watu wengi. Kilichonisuta ni saa ya mkono niliyonunua mwaka jana: ilinitoa vipele pale kwenye kifungo cha nyuma, nikaitupa. Ngozi yangu ilikwisha kusema, mimi sikuunganisha.

Na umbo. Kile cha kwanza kilikuwa na mkia uliopinda kwa ndani. Kila nikifuta kamasi mkia unaguswa, kipini kinacheza, tundu linakwanguliwa. Mafua ya kipupwe yalikuwa yamenikaa mwezi mzima.

Nimeagiza Dar cha titaniamu ya kupandikizwa mwilini, aina inayoandikwa ASTM F136, chenye mgongo bapa, urefu milimita 7. Sh 28,000, na Sh 5,000 ya basi. Mwenye duka alinitumia picha ya maandishi ya paketi kabla sijalipa. Msimamo wangu ulikuwa hapana picha, hapana pesa. Sikukibadilisha mwenyewe. Nilirudi kwa yule kaka, Sh 5,000, akaingiza kipya kwa kukifuatisha nyuma ya cha zamani ili tundu lisifunge. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga pasi kola.

Hakunitoza lawama wala mimi sikumtoza. Ila nilimwambia awe anauliza wateja kuhusu saa na hereni kabla ya kuwavisha.

17 Agosti

Wiki tatu na titaniamu. Kinundu kimeshuka kutoka mtama hadi ncha ya pini. Sikupaka kitu. Naosha mara moja kwa siku sasa, jioni. Hakuna la kusimulia.

21 Septemba. Chandarua

Nilikuwa nimeanza kujisifu. Usiku wa tarehe 18 nilinyanyuka kwenda kumfunika mtoto, kipini kikanasa kwenye tundu la chandarua, na mimi nikaendelea kwenda. Sikulia, lakini jirani anasema alinisikia.

Damu kidogo, uvimbe siku mbili, kigaga kikarudi kama mwezi wa kwanza. Hakikutoka, mgongo bapa ulikishikilia. Nilirudi kuosha asubuhi na jioni kwa siku kumi. Chandarua siwezi kuacha, huku mbu hawana mzaha, kwa hiyo nimebadilisha jinsi ya kukichomeka: nakivuta kikaze na kukisokomeza chini ya godoro pande zote ili kisilegee usoni, na upande wa kutokea uwe wa kulia. Mtandio wa shifoni nao nimeuweka kando, nafunga wa pamba laini na nauvua kwa kuanzia kushoto, nikiutoa mbele ya uso, siyo kuuburuta.

Foronya mbili za ziada, Sh 8,000. Nabadilisha kila baada ya siku tatu. Mafuta ya nywele na jasho la usiku vyote vinaishia pale.

19 Oktoba. Korosho

Kuokota korosho. Safari hii nilifunga uso kwa kanga nyepesi na sikushika uso kabisa mpaka ninawe. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi nzima. Sikutaka kujua yanafanya nini kwenye tundu. Hakuna tukio.

30 Novemba. Miezi sita

Kinundu hakipo. Kidoa cha asprini kipo. Nje pamekauka kabisa tangu Septemba, lakini kidonda cha aina hii kinapona kutoka nje kuja ndani, na nikikisukuma kipini kidogo bado nahisi kitu kule katikati. Pua huchukua kati ya miezi minne na mwaka, kwa hiyo sibadilishi kwa ajili ya urembo bado. Sonara ameniandikia bei ya dhahabu kwenye karatasi, nimeikunja nimeiweka kwenye kopo la vifungo.

Hesabu: kutoga 15,000, dripu 2,000, gozi 3,000, spiriti 1,500, habasoda 6,000, krimu 4,000, kituo cha afya na vidonge 12,500, kipini kipya na basi 33,000, kubadilishiwa 5,000, foronya 8,000. Jumla Sh 90,000. Kati ya hizo, 24,000 ni za kutibu kinundu kisichotaka kutibiwa na za salfa ya Tandahimba.

Mdogo wangu anafika tarehe 20. Nimekwisha muuliza kuhusu saa. Akasema hana tatizo, ila mkanda wa suruali wenye kifungo cha chuma unamwasha kitovuni. Nimempigia mwenye duka wa Dar leo asubuhi, anatuma kingine kwa basi la Jumatatu, na safari hii ni kirefu kidogo, cha kuanzia, maana pua ikishatogwa itavimba kwanza.